Uliza Daktari wa Meno: Hii dawa ya kusukutua inafanya kazi au inanukia tu?

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua zenu nyingi zimeangukia sehemu moja, dawa za kusukutua mdomo, nadhani ni kwa sababu sasa hivi famasia nyingi hapa Dodoma ukiingia tu rafu ya mbele imejaa zile chupa za kijani na za bluu. Nimechagua barua tano. Mbili za mwanzo nimezijibu kwa kirefu maana zinauliza kitu ambacho kinanigusa sana kila siku nikiwa kazini, yaani tunajuaje kama dawa inazuia utando (ule ute wa bakteria unaoganda kwenye meno) na uvimbe wa fizi kweli, mbali na maneno ya muuzaji na harufu nzuri ya mnanaa.

Shikamoo dokta. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Ilazo. Ni kama miezi mitatu sasa nikipiga mswaki natema mate yenye damu. Nilienda duka la dawa nikauziwa dawa ya kusukutua ile inayowasha, kaka muuzaji akasema imethibitishwa inaua asilimia 99 ya bakteria, afu akaniambia upande unaotoa damu nisiwe nausugua ili usichubuke zaidi. Nimetumia wiki tatu chupa imeisha, mdomo unanukia vizuri kweli lakini damu bado, tena upande ule ule ndo imezidi. Sasa kilichothibitishwa ni nini?

Marahaba dada, na pole. Nianze na hilo la kutosugua maana ndo limekuumiza zaidi kuliko dawa yenyewe. Fizi inayotoa damu mara nyingi sio kidonda cha kuogopa kukigusa, ni fizi iliyovimba kwa sababu ya utando uliokaa pale kwenye mpaka wa jino na nyama, na ukiacha kusugua utando unaongezeka, fizi inavimba zaidi, damu inaongezeka, we unaogopa zaidi. Rudi kusugua upande huo leo hii, kwa mswaki laini, taratibu, ukiulaza kidogo uelekee kwenye fizi. Siku za kwanza damu itatoka, usishtuke.

Sasa hiyo asilimia 99. Ni kweli dawa nyingi za kusukutua zinaua bakteria, tena kwa sekunde chache tu, lakini majaribio ya namna hiyo mengi yanafanyika maabara, bakteria wamewekwa kwenye chupa wanaogelea, dawa inamwagwa, wanakufa. Mdomoni kwako hawaogelei hivyo. Wamejishikiza kwenye jino, wamejijengea ute wao, wamekaa tabaka juu ya tabaka. We unaishi Ilazo, bila shaka unahifadhi maji kwenye madumu. Dumu likikaa muda ukipitisha kidole ndani unakuta linateleza, si ndiyo? Ule utelezi na utando wa meno ni ndugu, ni bakteria waliojijengea nyumba. Na unajua mwenyewe ukimimina maji ukatikisa ukamwaga utelezi hautoki, hata ukiweka klorini unapungua tu, mpaka utie mchanga na vijiwe utikise kwa nguvu ndo dumu linalia safi. Mswaki ndo mchanga na vijiwe. Dawa ya kusukutua inawapata bakteria wa juu juu na wale waliomo kwenye mate, wale wa chini wanabaki salama, na ndani ya masaa machache wanazaliana tena.

Kuna jambo jingine ambalo maabara haiwezi kukuambia, dawa inabaki mdomoni kwa muda gani baada ya kutema. Mate yanatoka muda wote yanasafisha kila kitu, na dawa nyingi zinaondoka nayo mapema sana. Ndo maana dawa mbili zinaweza kuua bakteria sawasawa kwenye chupa lakini mdomoni moja ikazuia utando na nyingine isifanye lolote la maana. Inayoitwa klohexidini inasifika kwa sababu inanata kwenye meno, kwenye fizi na kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, inaachia kidogo kidogo kwa masaa mengi, inaweza kufika hata 12. Kwa hiyo ukiambiwa dawa imethibitishwa, uliza imethibitishwa wapi, kwenye chupa au kwenye midomo ya watu, na kilichopimwa ni bakteria waliokufa au ni fizi zilizopona. We shida yako ni fizi.

Na kwamba utando ndo unaoleta uvimbe, hilo halina ubishi tena, lilipimwa mwaka 1965 kwa njia ambayo mi nikiisimulia darasani wanafunzi wananyamaza. Mnorwe mmoja, Harald Löe, pamoja na wenzake kule Aarhus, Denmark, walichukua watu 12 wenye fizi nzima kabisa, wakawaambia acheni kusafisha meno. Hawakusugua kabisa. Kila siku utando unaongezeka, na kati ya siku ya 10 na ya 21 wote 12 fizi zikavimba, hakuna aliyenusurika. Alafu wakaambiwa haya, anzeni kusafisha tena, na ndani ya kama wiki moja fizi zikarudi nzima. Hebu fikiria hapo dada, hawakupewa antibayotiki, hawakuchomwa sindano, ni mswaki na kusafisha katikati ya meno tu.

Sasa kwako we ni miezi mitatu, inawezekana utando umeshakuwa mgumu, umekuwa ugaga, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini na pembeni ya magego ya juu. Ugaga hauondoki kwa mswaki wala kwa dawa yoyote ya kusukutua duniani, unakwanguliwa kwa vifaa kwenye kliniki ya meno. Nenda ukasafishwe. Na ukiwa pale mwambie daktari kama una mimba, kama una kisukari, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au za kifafa, maana hayo yote yanaweza kuchangia fizi kuvimba au kutoa damu. Baada ya kusafishwa hesabu wiki mbili za kusugua vizuri asubuhi na usiku, kisha uniandikie.

Mambo vipi dokta, mi nasoma UDOM, tumepanga nyumba Ng'ong'ona tuko vijana nane. Kuna mwenzetu anatumia dawa ya kusukutua anasema tangu aanze hana utando, mwingine anasema ni kupoteza hela tu. Tumekubaliana tufanye jaribio, wanne watumie dawa wanne wasitumie, wiki mbili, afu tuangaliane meno nani masafi. Hii inatosha kumaliza ubishi? Tumetaka pia tuache mswaki kabisa hizo wiki mbili ili dawa ijionyeshe yenyewe.

Mdogo wangu hili swali limenifurahisha mpaka nimelisoma kwa sauti kwa wenzangu kazini. Hamna kitu kizuri kama vijana kubishana afu badala ya kupaza sauti wakaamua kupima. Lakini jaribio lenu kama lilivyo halitamaliza ubishi, na ntakwambia sehemu ambazo litavuja, maana hizo hizo ndo sehemu ambazo watafiti wakubwa wamehangaika nazo miaka mingi.

Kwanza mwanzo wenu haufanani. Katika nyie nane yupo mwenye ugaga wa miaka mitano, yupo aliyesafishwa meno mwaka jana, yupo mvuta sigara (na fizi za mvuta sigara hutoa damu kidogo hata zikiwa zinaumwa, kwa hiyo atawadanganya bila kukusudia). Mkigawana wanne wanne kwa kuchaguana, atakayetumia dawa atakuwa yule anayejali meno tangu mwanzo, na mwisho wa wiki mbili atakuwa na meno masafi kwa sababu ya tabia yake, sifa inaenda kwa chupa. Ndo maana kwenye majaribio ya kweli watu wanagawanywa kwa kura, na mara nyingi wote wanasafishwa meno kwanza na daktari ili kila mtu aanze na sifuri.

Pili mnajua nani anatumia nini. Hapa pana ujanja mkubwa wa akili ya binadamu. Mtu akijua anapimwa meno anasugua vizuri kuliko kawaida yake, hata akiwa amepewa maji matupu, na imeonekana mara nyingi sana kwamba kundi la dawa bandia (yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani) nalo linapata nafuu ya fizi. Sasa msipokuwa na kundi la namna hiyo, nafuu yote mtaiandikia dawa. Wale wanne wa kwenu wasiotumia kitu kabisa hawatoshi, inatakiwa nao wapewe kitu cha kusukutua chenye rangi ile ile na ladha ya kukaribia, bila ile dawa yenyewe ndani. Kwenye dawa inayowasha hii ni kazi ngumu kwelikweli, maana mtu akiweka mdomoni tu anajua, na ni moja ya mambo ambayo mi huwa natazama kwanza nikisoma jaribio lolote, je, wale wa dawa bandia walikuwa hawajui kweli?

Tatu, anayeangalia meno. Mkiangaliana wenyewe na mnajua nani ni nani, jicho litaona linachotaka. Mkaguzi asijue. Na "masafi" kwa macho sio kipimo, utando mwembamba una rangi ya jino, hauuoni. Watafiti wanatumia alama. Kuna ile ya Silness na Löe ya mwaka 1964, inaanzia 0 mpaka 3, sifuri hamna utando, moja ni utando ambao huuoni mpaka ukwangue kwa kifaa au upake rangi, mbili unaonekana kwa macho, tatu umejaa. Fizi nazo zina alama zake 0 mpaka 3, sifuri ni nzima, moja imebadilika kidogo lakini ukiigusa kwa kifaa haitoi damu, mbili ni nyekundu imevimba ukiigusa inatoa damu, tatu inatoa damu yenyewe. Mkaguzi anapita jino kwa jino, pande zake, anaandika, afu anapiga wastani. Na kabla ya jaribio mkaguzi mwenyewe anapimwa, anakagua mdomo ule ule mara mbili ionekane kama anatoa alama zile zile, la sivyo mnapima mkaguzi badala ya dawa.

Nne, muda. Wiki mbili zinaweza kuonyesha kitu kwenye utando, kwenye fizi ni chache. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani mwaka 1986 kiliweka mwongozo kwamba dawa ikitaka kukubaliwa kuwa inazuia utando na uvimbe wa fizi ipimwe angalau miezi 6, watu wakaguliwe mwanzoni, katikati na mwisho, na isiwe jaribio moja, yawe mawili yaliyofanywa na watu tofauti. Miezi 6 kwa sababu kitu kipya kila mtu anakitumia kwa bidii mwezi wa kwanza, shida ni mwezi wa nne.

Na hilo la kuacha mswaki, nakuomba, msifanye. Najua mmelitoa wapi wazo, na kisayansi lina mantiki, ndivyo Löe na mwenzake Schiøtt walivyofanya mwaka 1970, watu waliacha kusugua wakasukutua klohexidini ya asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika moja, mara mbili kwa siku, na utando haukujijenga, fizi hazikuvimba. Lile jaribio ndo lililoipa klohexidini jina mpaka leo kila dawa mpya inalinganishwa nayo. Lakini wale walikuwa chini ya macho ya madaktari, fizi zao zilikuwa nzima tangu mwanzo, na walirudishwa kwenye usafi baada ya hapo. Nyie mko wenyewe Ng'ong'ona, hamjui nani kati yenu ana ugonjwa wa fizi uliojificha. Alafu pia swali hilo halina faida kwenu, maana hakuna anayepanga kuishi bila mswaki, swali lenu la kweli ni, mtu anayepiga mswaki kama kawaida akiongeza dawa anapata nini cha ziada?

Na hilo lina jibu tayari, angalau kwa klohexidini. Mwaka 2017 kundi la Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote ya jambo moja na kuyachambua pamoja, walitoa uchambuzi wa tafiti 51 zenye watu 5,345. Kwa mtu anayepiga mswaki, akiongeza klohexidini kwa wiki nne mpaka sita, utando unapungua sana, hilo liko wazi. Fizi nazo zinapungua uvimbe, lakini kwa wenye uvimbe mdogo punguzo lilikuwa kama 0.21 kwenye ile alama ya 0 mpaka 3, na waandishi wenyewe wakasema kiasi hicho hakina uzito mkubwa kwa mgonjwa. Na meno kubadilika rangi kukaongezeka sana. Mi naona hapo pana somo zuri kwa nyinyi wanachuo, kwamba kitu kinaweza kuwa cha kweli kwenye hesabu, kweli kabisa, alafu bado kikawa kidogo mno kwa mtu kutolea hela kila mwezi. Wote wawili mnaobishana mna kipande cha ukweli.

Bado mnataka kupima wenyewe? Pimeni, ila hivi. Wote nane endeleeni na mswaki wenu wa kawaida, dawa ya meno ile ile. Kwa sababu mko wachache msigawane makundi, kila mtu apite pande zote mbili, wiki mbili kitu A, wiki moja ya kupumzika, wiki mbili kitu B, hivyo kila mtu analinganishwa na mdomo wake mwenyewe. Nani aanze na A apigiwe kura. Chupa ajaze mtu wa nje, jirani au dada wa dukani, aandike A na B tu, siri abaki nayo yeye mpaka mwisho. Dawa iwe ya kawaida isiyo na klohexidini, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye chupa, na kitu cha pili kiwe maji masafi yenye rangi ya chakula na mnanaa kidogo. Kila mwisho wa wiki mbili pakeni rangi nyekundu ya chakula kwenye meno kwa pamba, sukutua mara moja kwa maji, rangi itabaki palipo na utando, pigeni picha kwa simu kwenye mwanga ule ule, picha zipewe namba badala ya majina, apewe mtu asiyejua chochote atoe alama. (Wanaokula ubuyu wa rangi wa hapa kwetu wanajua jinsi nyekundu inavyong'ang'ania, basi msiule siku ya picha.) Matokeo ya watu nane hayatawaambia habari za Watanzania wote, yatawaambia habari zenu nyie nane, na mkitaka kuifanya iwe risechi ya chuo pitisheni kwanza kwenye kamati ya maadili. Nitumieni matokeo tafadhali, yawe yoyote.

Habari dokta. Naendesha bajaji hapa Majengo. Mwaka jana mwishoni niling'olewa jino nikapewa dawa ya kusukutua, sikuambiwa mwisho lini, nikaona inanisaidia harufu nikawa naendelea kununua, kama miezi miwili na nusu. Sasa meno yamekuwa kahawia na ulimi pia, chakula hakina ladha. Wenzangu kijiweni wanasema ni maji ya chumvi ya Dodoma, maana mi nimehamia hapa kutoka Morogoro ukubwani. Je yatarudi?

Yatarudi kaka, tulia. Tena chukua chupa uliyonayo usome kama imeandikwa klohexidini, na kwa maelezo yako sina shaka itakuwa ndiyo.

Ile sifa niliyoisema juu kwamba inanata ndo hiyo hiyo inayoleta rangi, inashika jino afu inashikana na rangi ya vyakula na vinywaji, hasa chai ya rangi na kahawa, na nyie wa kijiweni kahawa haikosekani. Ladha nayo inapotea kwa muda, ugaga pia unaweza kujijenga haraka zaidi. Hii ni dawa ya muda mfupi, wiki mbili hivi, baada ya kung'oa jino, baada ya upasuaji wa fizi, au kwa mtu ambaye hawezi kusugua kwa mkono, na aliyekupa alitakiwa kukuambia siku ya kuacha. Nasikitika hukuambiwa, na sio we peke yako, nawaona wengi. Acha sasa, ladha inarudi yenyewe, ulimi unasafika, na ile rangi ya meno iko juu ya jino tu kwa hiyo ukienda kusafishwa inatoka.

Maji msiyasingizie kwa hili. Ni kweli kanda yetu ina maeneo yenye floridi nyingi, yale madini ambayo yakizidi yanatia meno madoa, kwenye maji ya visima, Singida inajulikana kwa hilo, na kipimo kinachopendekezwa na WHO ni kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Lakini madoa ya floridi yanaingia wakati jino linajengwa ndani ya ufizi, utotoni. We umekuja ukubwani meno yako yameshakamilika, maji ya Dodoma hayawezi kukutia madoa hayo hata ukinywa miaka ishirini. Nawaomba na wengine mlitofautishe hili, madoa ya floridi hayatoki kwa kukwanguliwa, ya dawa yanatoka, na nimeona watu wanaishi na aibu ya doa ambalo lingeondoka kwa nusu saa kwenye kiti.

Ukija kupewa tena siku nyingine, acha kama nusu saa au zaidi kati ya kupiga mswaki na kusukutua, maana povu la dawa nyingi za meno linaipunguzia nguvu. Na ukiona mwili unawasha, uso unavimba au pumzi inabana baada ya kusukutua, acha na ukimbie hospitali, mzio wake ni nadra lakini upo.

Mjukuu wangu daktari, mimi ni mzee wa huku Kongwa, nina miaka 74 na meno yangu 26 bado yapo. Sijawahi kununua hizo chupa. Natumia mswaki wa mti na maji ya chumvi. Wajukuu wananicheka. Niache?

Shikamoo babu. Usiache, na wajukuu wako naomba waisome hii.

Huo mti tunaouita mswaki, unaoota kwenye hizi nchi zetu kavu, hata WHO wamewahi kuhimiza utumike pale ulipozoeleka, tangu miaka ya 1980. Kinachosafisha kwa sehemu kubwa ni zile nyuzi zake zikisuguliwa kwenye jino, ukitafuna ncha vizuri mpaka ifanane na brashi, ukaikata na kutengeneza nyingine ikichakaa. Shida yake ni moja, haufiki vizuri nyuma ya meno, upande wa ulimi, kwa hiyo huko ongeza mswaki wa dukani, na utumie dawa ya meno yenye floridi maana mti haukuzuilii matundu kama floridi inavyozuia. Ugeuze taratibu usivute fizi kwa nguvu, zinashuka.

Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, yanatuliza fizi inayouma na yanasaidia baada ya kung'oa jino. Hayaondoi utando uliokwishashika. Ila babu, kwa miaka 74 na meno 26 mi ningetamani kuja huko nikuone unavyosugua. Kama una presha tema yote usimeze.

Dokta, mwanangu ana miaka minne na nusu, anapenda kunywa, samahani, kusukutua na dawa yangu ya kijani akiniona. Nimwache azoee? – Mama K., Nkuhungu.

Hapana mama, mfungie. Mtoto chini ya miaka sita hajui bado kutema vizuri, anameza, na dawa nyingi za aina hiyo zina alkoholi, nyingine zaidi ya asilimia 20. Iweke juu kabatini pamoja na dawa zako nyingine. Akitaka kuiga mpe kikombe chake chenye maji safi, ateme pamoja na wewe, afu wewe mwenyewe umsugue meno usiku kwa dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje ya njegere, mpaka afikishe kama miaka saba au nane mkono wake uwe na nguvu ya kusugua mwenyewe.